Miguu ya Doria

Ubeid bin Salem alimchukua mtoto wa mbwa kwa sababu ya wezi. Mwaka ule wa 1933 biashara ilikuwa imelala, watu wengi mjini Dar es Salaam hawakuwa na kazi, na mara mbili ndani ya mwezi mmoja alikuta kufuli la ghala lake limevunjwa na ngozi nzuri za ng'ombe zimekwenda. Ghala lilikuwa Mchafukoge, chumba kirefu cha mawe chenye mlango wa barabarani. Nyuma yake palikuwa na ua wenye kisima, na nyuma ya ua vyumba viwili alimokaa yeye na mkewe, Mauza binti Abdulla. Ngozi zilimfikia kwa treni kutoka bara, ngumu kama mbao. Alizichagua, akazitia dawa ya wadudu, akazikausha upya na kuzifunga kwa ajili ya meli.

Mbwa alipewa na Marcelino, Mgoa aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya Uzunguni. Alikuwa wa rangi ya majivu, ana miezi mitatu, miguu mikubwa kuliko mwili. Ubeid alimwita Doria.

Mauza alipomwona alirudi nyuma hatua mbili na kukusanya kanga yake.

"Bwana, najisi hii utaiweka wapi?"

"Uani, mlangoni pa ghala. Ndani haingii. Mbwa wa ulinzi hana ubaya, hata mwalimu wa chuo cha Kurani atakwambia."

"Basi chombo chake kiwe mbali na vyangu. Na wewe ukimshika, usinisogelee mpaka umejiosha kwa udongo na maji."

Hakusema kwa hasira. Mauza alikuwa mwanamke wa utani, aliyelelewa Kigamboni kwenye shamba la minazi la baba yake, na katika miaka yao ya kwanza nyumba ile ilijaa kicheko chake. Lakini sasa ulikuwa unakwisha mwaka na nusu tangu alipoanza kuumwa. Maradhi yalianzia kwenye nyayo. Kwanza alisema anahisi siafu wanamtembea, kisha nyayo zikawa zinawaka, hasa akilala, mpaka akawa anazilaza juu ya sakafu tupu kutafuta ubaridi. Baadaye vidole vya mikono vikaanza kufa ganzi. Alikuwa msukaji hodari wa mikeka, na sasa alilazimika kuuangalia ukili kwa macho ndipo ajue kama ameushika. Katikati ya mwaka uliopita mimba yake ya miezi mitano iliharibika.

Walikwenda kwa waganga. Fundi mmoja wa Kariakoo alimtazama, akamfukiza, akasema ni jini la pale pale nyumbani, halimtaki. Na ushahidi ulikuwapo. Kila Mauza alipovuka maji pale Magogoni kwenda kwa mama yake Kigamboni, akikaa wiki tatu au mwezi, nyayo zilitulia na uso ukanawiri. Akirudi Mchafukoge, hazipiti wiki mbili maradhi yamerudi. Wakachinja mbuzi uani, wakakizika kichwa chake karibu na kisima. Ubeid mwenyewe ndiye aliyechimba lile shimo.

Doria alikaa wiki mbili akiwa mzima. Aliwakimbilia mahamali waliobeba ngozi, akavuta ncha za vikoi vyao, akaanguka, akainuka. Wiki ya tatu Ubeid aliona mwendo wake umebadilika. Alinyanyua miguu ya nyuma juu mno, kama anayevuka makaa, na akiishusha haikutua pale alipokusudia. Wakati mwingine ilipishana, akakaa chini ghafla na kugeuka kuitazama kama miguu ya mbwa mwingine. Kisha alianza kuinama kwa namna ya ajabu. Kifua kinagusa ardhi, makalio yamebaki juu, naye anakaa hivyo hivyo akitetemeka na mate yanamchuruzika. Alilamba nyayo zake mpaka zikachubuka zikawa nyekundu.

Wa kwanza kuogopa alikuwa Winifrida, mke wa fundi wa reli aliyepanga nyumba ya pili. Yeye na wanawake wengine wanne wa mtaa walichota maji kisimani kwa Ubeid, na kwa kawaida alikuja na binti yake mdogo mgongoni. Siku ile alisimama mlangoni mwa ua na ndoo mkononi, asiingie.

"Bwana Ubeid, mbwa wako ana kichaa."

"Hajamuuma mtu."

"Nao hawaanzi kwa kuuma. Wanaanza kwa mate na kuyumba. Serikali imesema wa hivyo wapigwe risasi. Mimi nina mtoto."

Ubeid alijua amri ile. Alikuwa amewaona askari wakipita na bunduki viwanja vya Mnazi Mmoja wakiwapiga mbwa wasio na wenyewe, na mizoga ikitupwa kwenye gari. Alimfunga Doria kamba, akampeleka kwa jirani yake wa upande wa pili wa barabara, Manubhai, Mhindi aliyeuza taa na vioo vya taa. Huyu alikuwa Banyani asiyekula nyama, na kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, aliwatupia mbwa wa mtaa vipande vya chapati. Kama kulikuwa na mtu Mchafukoge anayejua mbwa, ndiye yeye.

Manubhai alichuchumaa mbele ya mnyama kwa muda mrefu bila kumgusa. Akamwita mkewe, Anjana, amletee maji katika kifuu. Doria alikunywa yote.

"Mwenye kichaa hanywi namna hii," Manubhai alisema. "Koo linamkaza. Huyu ana kiu kuliko kawaida. Tena mtazame macho, anakujua wewe, anakufuata. Mwenye kichaa hamjui bwana wake. Niachie. Nitamfunga uani kwangu siku kumi. Kama ni kichaa, atakufa kabla hazijaisha, na hakuna atakayeumia."

"Na Anjana?"

Anjana alijibu mwenyewe kutoka mlangoni. "Nimeshazoea wageni wa huyu bwana. Huyu angalau hawezi kuruka ukuta."

Siku kumi zilipita. Ubeid alikwenda kumtazama kila jioni baada ya alasiri. Siku ya tano mate yalikauka. Siku ya nane Doria alipomwona alikuja mbio, miguu ikiyumba kidogo tu. Siku ya kumi na moja alirudishwa ng'ambo ya barabara kwa Ubeid, na Winifrida akaridhika, ingawa aliendelea kumbeba binti yake mgongoni akipita.

Wiki moja baadaye kule kuinama kulirudi. Kisha mate. Kisha miguu ya nyuma.

Manubhai alivuka barabara kuja kumwona, akakunja uso. Alizunguka ua mzima, akatazama pipa la dawa, akatazama mfereji mdogo uliotoka pipani na kupita kando ya kisima hadi ukutani, ambamo maji ya kusuuzia ngozi yalikuwa yakimwagwa.

"Bwana Ubeid, kwangu alikuwa mzima. Kwako anaumwa. Kwangu tena atapona. Unampa nini?"

"Ninampa anachokula kila mbwa. Vichwa vya samaki, wali uliobaki."

"Basi si chakula."

"Wewe nawe ni fundi wa mbwa au wa majini?"

Alisema kwa mzaha, lakini neno lile majini lilimrudia baada ya Manubhai kuondoka. Kwako anaumwa, kwangu anapona. Alikuwa amelisikia jambo hilo hilo kwa maneno mengine juu ya Mauza, na mbwa hakuwa amefanyiwa uchawi na mtu yeyote.

Kesho yake hakufungua ghala. Aliketi uani juu ya kasha, akamfuata Doria kwa macho tangu asubuhi. Mnyama alilala juu ya vipande vya ngozi, akavitafuna. Jua lilipopanda alikwenda kwenye mfereji, akakanyaga mle majini, akanywa, kisha akarudi kulala na kujilamba nyayo. Alifanya hivyo mara nne kabla ya adhuhuri. Ubeid alitazama pipa. Dawa ile ilikuja katika makopo, unga mweupe usio na harufu wala ladha, na wanunuzi wa melini hawakukubali ngozi zisizotiwa dawa hiyo. Yeye aliikoroga kwa mti, akazamisha ngozi, akazisuuza, akamwaga. Miaka miwili sasa. Kabla ya hapo alikuwa akitumia chumvi.

Aliondoka pale kasha lilipo akaenda kusimama ukingoni mwa kisima. Kutoka mferejini hadi pale palikuwa hatua tatu, na ardhi ya Dar es Salaam ni mchanga mtupu.

Hapo ndipo Ubeid alipofanya jambo ambalo hakuacha kulijutia. Angeweza kufunika kisima saa ile ile. Hakukifunika. Alijiambia kwamba mbwa amekunywa maji ya mfereji, si ya kisima, na mambo hayo mawili ni tofauti. Alijiambia kuwa mtu hawezi kuutangazia mtaa mzima jambo asilolijua kwa hakika. Akamfunga Doria mbali na mfereji, akaondoa vipande vyote vya ngozi, akamwekea mkebe wa maji safi aliyoyachota mwenyewe kisimani. Akipona, alisema moyoni, kisima hakina neno.

Alisubiri siku sita. Kila asubuhi alisikia ndoo ya Mauza ikigonga ukingo wa kisima, na ile ya Winifrida baada yake. Kila asubuhi alikwenda kumwinua Doria kwa kumshika kifuani, na kumwachia aone kama atasimama. Siku ya kwanza na ya pili alisimama, na Ubeid akashukuru kwa sauti. Siku ya nne miguu ya nyuma ilikataa kabisa, ikawa inaburutwa. Siku ya sita mbwa alikunywa maji ya mkebe akiwa amelala ubavu, akamtazama Ubeid, akaendelea kunywa.

Alikwenda siku ile ile kwa daktari mmoja wa Kihindi mwenye chumba chake karibu na soko la Kariakoo, amechukua chupa ya maji ya kisima na kopo la dawa ndani ya kikapu. Hakumweleza habari ya mkewe kwanza. Alianza na mbwa, na daktari akawa karibu kumfukuza, mpaka Ubeid aliponyoosha mikono kuweka kopo mezani.

"Ngoja. Geuza viganja."

Viganja vyake vilikuwa vimekauka na kuota vinundu vigumu kama punje za mtama. Yeye aliona ni kazi. Daktari alimwambia afungue kanzu, na kifuani mlikuwa na mabaka madogo meusi kwa meupe, kama vumbi lililopigwa na matone ya mvua.

"Unakunywa maji ya nyumbani?"

"Kidogo. Mchana kutwa nakunywa kahawa sokoni. Ninakula huko huko."

"Ndiyo maana unatembea. Dawa hii ndiyo wanayotegea nzige kule bara. Inaua nzige, na ng'ombe akila chambo chake naye anaanguka. Anayeinywa kidogo kidogo kila siku, inamla polepole, kuanzia nyayoni. Nani mwingine yumo nyumbani?"

Ubeid alimwambia. Alimweleza nyayo zinazowaka, vidole, safari za Kigamboni. Alipofika kwenye mimba, daktari aliweka kalamu chini.

"Atapona?" Ubeid aliuliza.

"Akiacha maji hayo leo, hatakufa. Moto utapoa. Ganzi sijui. Nyingine hurudi nyuma, nyingine hukaa."

Mauza alikuwa uani kivulini, mguu mmoja ameunyoosha, anasuka. Ubeid aliketi juu ya jamvi mbele yake, bila kuvua kofia. Alimwambia yote kwa mpango, kama mtu anayetoa ushahidi: pipa, mfereji, mchanga, kisima. Alimwambia hapakuwa na jini. Mauza alisikiliza mikono ikiendelea kusuka, kisha ikasimama.

"Yule mbuzi tulimchinjia nini, basi?"

"Hatukujua."

"Na lile shimo la kichwa chake ulilichimba pale pale." Aliliangalia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto?"

Ubeid alivua kofia, akaiweka juu ya jamvi. Mauza aliitazama ile kofia, akajua.

"Kuna jambo jingine," Ubeid alisema. "Niliona siku sita zilizopita. Nilishuku. Nikampa mbwa maji ya kisima nione. Siku hizo zote nilikusikia ukichota, nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilitaka iwe si kweli."

Mauza aliuweka ukili pembeni, akajishika ukuta, akainuka. Hakulia mbele yake. Aliingia ndani, na Ubeid akasikia kifuniko cha sanduku. Alipotoka alikuwa amevaa buibui na amebeba furushi la nguo.

"Utanipeleka Magogoni," alisema, "kwa sababu miguu yangu hainifikishi. Kivukoni utaniacha. Usivuke."

Alimpeleka.

Asubuhi iliyofuata Ubeid alibingirisha mawe makubwa mawili, akaweka mbao juu ya kisima, akasimama hapo akiwangoja wanawake. Wa kwanza alikuwa Winifrida, mtoto mgongoni. Wengine wanne walikuja nyuma yake. Ubeid aliwaambia kwamba maji yameingia sumu, kwamba sumu ni yake, imetoka kwenye pipa lake, na kwamba maradhi ya mkewe ndiyo hayo.

"Tangu lini?" Winifrida aliuliza.

"Maji yameharibika labda miaka miwili. Mimi nimejua wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita." Alirudia maneno hayo kama mtu anayehakikisha amesikia sawa. "Juzi nilikuja hapa ukaniamkia. Ukaniuliza habari za mtoto."

"Ndiyo."

"Nikakwambia tumbo linamsumbua."

"Ndiyo, mama. Uliniambia."

Ndani ya ndoo yake kulikuwa na maji kidogo yaliyobaki ya jana. Aliyamwaga taratibu juu ya miguu ya Ubeid, yote, kisha akageuka na kuondoka, na wale wengine wakamfuata. Hakuna aliyepiga kelele. Ubeid alisema baadaye kwamba angependa wangepiga.

Bwana Afya alikuja, akaandika, akaamuru kisima kifukiwe. Daktari alimpima binti wa Winifrida na kumwona ameokolewa na umri wake. Alikuwa bado ananyonya, hajayanywa maji mengi. Winifrida na mumewe walihama mtaa ule kabla ya mwezi kwisha. Makopo ya unga yalichukuliwa, na Ubeid akaacha biashara ya ngozi.

Doria alihamishiwa tena kwa Manubhai. Ubeid aliomba iwe hivyo, na Manubhai alikuja mwenyewe kumbeba kwa gunia. Safari hii hakupona. Alikula kidogo mkononi mwa Anjana, akatingisha mkia, lakini miguu haikurudi, na siku ya tisa alikutwa amekufa chini ya rafu ya taa. Ubeid alipokwenda kumchukua, Anjana hakutoka. Manubhai alisimama naye mlangoni.

"Ile mara ya pili ulimfunga mbali na mfereji," alisema. "Nilimwona akiwa amefungwa, nikafurahi. Nikadhani umeelewa."

"Nilikuwa nimeelewa," Ubeid alisema.

Manubhai alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi dukani. Walisalimiana miaka yote iliyofuata, lakini hawakukaa tena kuzungumza.

Mauza alikaa Kigamboni miezi saba. Ubeid alikuwa akivuka kila Ijumaa baada ya sala na kuketi barazani kwa mkwewe, akaletewa kahawa, na mara nyingi aliondoka bila kumwona. Mwezi wa nane mama mkwe alimwambia kwamba binti yake anataka kujua kama amepata nyumba isiyo na ua. Alikuwa amepata, chumba na ukumbi Kariakoo, maji ya bomba yanauzwa mtaa wa pili. Alikuwa akiuza tende na chumvi sokoni. Mauza alirudi. Nyayo zilikuwa zimeacha kuwaka, lakini vidole havikurudi, wala hawakupata mtoto. Suala la zile siku sita hakulitaja tena, ila hakuwahi kunywa maji aliyopewa na mumewe. Aliyachota mwenyewe, hata alipokuwa mgonjwa wa homa.

Watu wa Kariakoo waliwajua kwa namna walivyotembea, yeye akitangulia na Ubeid akifuata nyuma kidogo, anaangalia chini. Mauza hakuhisi kiatu kikimtoka. Asubuhi moja, katikati ya wauza viazi na watu wamejaa, kandambili ya ngozi ilimvuka mguuni naye akaendelea kutembea hatua saba au nane, mguu mtupu juu ya maganda na vipande vya chupa. Ubeid aliiokota, akamkimbilia, akapiga magoti palepale na kanzu yake nyeupe, akaufuta ule mguu kwa kiganja, akautazama aone kama umekatwa, akamvalisha. Watu waliwatazama. Mauza alisimama ameshika bega lake ili asianguke, mpaka alipomaliza.

"Inuka," alimwambia. "Twende, jua limepanda."